Ukuta Uliojengwa na Mkwe

Adhiambo mwanangu,

Barua huanza na salamu, lakini wewe nitakusalimu vipi na viatu vyako bado viko mlangoni? Umeenda tu kwa shangazi yako kumuaga, na ninavyomjua shangazi yako, hatakuachilia kabla hujala. Kwa hivyo nina saa mbili hivi, na jua bado lipo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho mwalimu wa ngumbaru, lile darasa letu la watu wazima, alinifundishia kushika kalamu. Kwa Dholuo ningesema vizuri zaidi, lakini kukiandika naogopa. Ukikuta makosa, wewe ni mwalimu, sahihisha kimoyomoyo.

Sitakuambia uchemshe maji. Sitakuambia huko Ntimaru unakokwenda kufundisha kuna baridi asubuhi, umeshaambiwa na watu kumi. Mambo ya chumvi na taa na mlango unayajua kuliko mimi. Kitu ambacho kimenisumbua wiki nzima ni ile barua ya mwalimu mkuu uliyonisomea hapa mezani. Amesema nyumba ya mwalimu ipo, lakini hii mvua ya El Nino imeharibu ukuta wa nyuma na paa upande mmoja, na fundi atarekebisha wewe ukiwa umeshaingia. Ukacheka ukasema, "Mama, basi nitaishi na fundi kama mume." Mimi sikucheka. Ulidhani nimechukia mzaha.

Sikuchukia. Niliogopa, kwa sababu wewe ni mtoto wangu kabisa. Juzi tulienda kuchukua sanduku lako kwa yule fundi wa bati. Kifuniko hakifungi, mimi niliona na wewe uliona. Ukamwambia, "Asante sana fundi, kazi nzuri." Tukafika nyumbani ukalifunga na kamba. Sikukusema, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimesimama hapohapo nikitabasamu kama mjinga. Sanduku si neno, kamba inatosha. Lakini nyumba huwezi kuifunga na kamba.

Sasa nitakuambia habari ya nyumba hii yetu. Wewe unaijua nusu, na hiyo nusu ni mimi niliyokupa.

Ulikuwa na miaka saba. Dada yako Atieno alikuwa ameolewa mwaka mmoja tu, huko upande wa Magunga, na alikuwa hajapata mtoto. Baba yako alikuwa Kericho kwenye majani chai. Alikuja likizo na mabati, akasema tujenge nyumba ya matofali, tuachane na udongo. Kisha akarudi kazini. Kutafuta fundi kukabaki kwangu, na hapo ndipo nilifanya kosa, na wakati huo niliona ni akili. Nilisema fundi wa sokoni atatuibia simiti. Tumchukue Ouko, binamu ya mume wa Atieno, ambaye amepanga chumba hapa Homa Bay na anajenga. Mtu wa ukweni hawezi kuharibu nyumba ya wakwe zake.

Wazee waliulizwa kama mkwe anaweza kupanda juu ya nyumba ya mama mkwe. Wakasema, angekuwa ni mume wa Atieno mwenyewe, hapana. Binamu, sawa, bora asilale hapa. Wakafurahi hata wao, kwa sababu walijua patakuwa na kuku.

Na kuku walikuwepo. Mkwe humpi mboga. Siku ya kwanza nikachinja. Siku ya pili nilifikiria sukuma wiki, nikaona aibu, nikachinja tena. Ouko alijenga siku kumi na moja, mimi nikabaki na jogoo mmoja, na huyo jogoo alikuwa anatembea kwa wasiwasi. Wewe ndiye ulikuwa unampelekea chakula na kumnawisha mikono. Mimi nikimwona anakuja njiani, najifunga kitambaa vizuri naingia jikoni. Kuongea tuliongea, lakini kwa mbali, habari za mvua na za ng'ombe. Hakuniita jina, aliniita maro, mama mkwe, na sauti ya heshima kabisa. Sasa mtu kama huyo utatoka vipi umwambie, "Fundi, bomoa"?

Siku ya sita niliuona ukuta. Ni ule wa kando, upande wa macheo, pale ulipopanda juu kushika pembe ya paa. Kutoka mlango wa jikoni nilikuwa nauona sambamba na nguzo ya boma la ng'ombe, na vile viwili havikukubaliana. Mimi nimekandika nyumba za udongo tangu nikiwa msichana. Sijui hesabu, lakini jicho langu linajua ukuta uliosimama na ukuta uliochoka. Ule ulikuwa umelalia nje kidogo, kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Na pima maji ya Ouko, ile ya kupimia kama ukuta umenyooka, sikuiona ikitoka hata siku moja. Ilikuwa kwenye mfuko wake, mpya, bado na karatasi yake.

Jioni nikajikaza. Nikasimama mlangoni pa jikoni nikasema, "Ora, mkwe wangu, huo ukuta wa huko, uko sawa tu?"

"Upi, maro?"

"Huo wa huko."

Hata hakugeuka. "Maro, ukuta ni kama bibi arusi. Ukimkodolea macho sana utaona kasoro."

Wanaume waliokuwa wanamsaidia wakacheka. Mimi pia nikacheka. Nikarudi kugeuza ugali.

Min Ochieng', mke wa ndugu ya baba yako, alikuwa ameketi pale jikoni anachambua mboga, akasikia yote. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe umeingiwa na nini? Umwambie mkwe kazi yake mbaya? Atieno hata mtoto hajawapa. Wakimrudisha hapa, utasema ni kwa sababu ya matofali?"

Nikaona amesema ukweli. Nikapima, mtoto wangu kurudishwa na ukuta kulala kidogo, nikachagua. Yalikuwa matofali labda arobaini, Adhiambo. Ukiyashusha asubuhi, mchana yamerudi. Simiti ilikuwa bado mbichi.

Paa likapanda, nyumba ikasifiwa, baba yako akatuma barua ya furaha. Na mimi nikaanza kitu ambacho sikukijua mpaka baadaye. Nikaacha kukaa upande ule. Nilikuwa nakaa pale zamani kubangua njugu alasiri, kuna kivuli kizuri. Nikahamisha mkeka wangu mbele. Mtu akiniuliza, nasema huku mbele kuna upepo mzuri.

Mvua ndefu zikaja, zikanyesha mwezi mzima kwenye ukuta huo. Zilipopungua, wakwe zetu wakaja kutembea. Walikuja wanawake watano, shangazi ya Ouko mbele yao, na Ouko mwenyewe nyuma amevaa suruali ya kanisani. Walikuja kuona nyumba. Wakaketi pale nje, tukawapa chai na mandazi. Shangazi yake alikuwa anasema kwa sauti, ili hata jirani asikie, "Kijana wetu amesimamisha nyumba hapa! Si mnaona? Hii ni nyumba ya karani!"

Wewe ulikuwa na beseni la njugu. Jua lilikuwa kali, ukachukua mkeka mdogo ukaenda kwenye kile kivuli, ukaegemeza mgongo kwenye ukuta.

Mimi nilikuona.

Nataka uelewe hapa vizuri, kwa sababu hii ndiyo sehemu sijamwambia mtu. Nilikuona ukikaa. Nilifungua mdomo kusema, "Adhiambo, toka hapo." Maneno yalikuwa tayari. Lakini nikafikiria, nikimwita mtoto atoke kwenye ukuta, hawa watu wataniuliza kwa nini. Itakuwa nimesema mbele ya mama zake kwamba ukuta wa Ouko ni mbaya. Nikasema moyoni, ngoja wamalize chai. Nikamwongezea shangazi yake sukari.

Wewe umekua ukiambiwa ni upepo. Umewaambia hata wenzako wa chuo, nimekusikia, "Upepo uliangusha nyumba yetu nikiwa mdogo." Mwanangu, hakukuwa na upepo. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Ukuta ulikuwa umekunywa maji mwezi mzima na umelalia nje tangu siku ya sita, ukaja chini wenyewe, polepole, kama mtu anayekaa. Ulikuwa umeinama mbele kuokota njugu, ndiyo maana ulikuponda mkono wa kulia tu. Ungekuwa umeegemea, nisingekuwa naandika barua leo.

Tulikutoa. Ouko ndiye alitoa matofali mengi kuliko wote, na kucha zake zilitoka damu, nisimnyime hilo. Halafu akasimama, akauangalia ukuta, akaniangalia mimi. Ndiyo mara ya kwanza tuliangaliana usoni. Alijua, na alijua kwamba mimi najua. Kisha shangazi yake akasema, "Ni upepo huu. Upepo wa ziwa." Nami nikasema, "Ndiyo. Ni upepo."

Hospitalini walifanya walichoweza, lakini kiwiko kilikuwa kimesagika, hakikunyooka tena. Ukaanza kuandika na mkono wa kushoto kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni, herufi zote zikiangalia nyuma. Watu wakakusifu kwamba una bidii. Kila wakikusifu mimi nilikuwa nasikia kama wananisuta.

Na Atieno? Hakurudishwa. Ana watoto wanne sasa, unawajua. Mwaka juzi nilimuuliza, kama mzaha, "Kama wakati ule ningemwambia Ouko abomoe ukuta, nyumbani kwako wangesema nini?" Dada yako akacheka mpaka akashika tumbo. "Mama, Ouko? Huko kwetu hata nyanya yake humwambia bomoa. Mtu yule bila kuambiwa hawezi kunyoosha kitu." Nikacheka naye. Alipoenda nikaketi chini, nikakaa hapo mpaka chungu kikaungua.

Siku hizi nafikiri hata Ouko angeshukuru. Alikuwa kijana, nyumba ya wakwe, wazee wanamtazama, kuku kila mchana. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, ndiyo maana alikuwa na mzaha mwingi. Tulikuwa waoga wawili, mmoja juu ya ukuta na mwingine jikoni.

Nilijifunza kusema nikiwa mkubwa, na mwalimu wangu alikuwa Mama Zuhura, yule Mwislamu mwenye duka la nguo pale Homa Bay, ambaye walikuja na mume wake kutoka Mombasa. Nilikuwa nauza njugu barazani kwake. Siku moja fundi alikuwa amemaliza sakafu ya bafu nyumbani kwake, hapo nyuma ya duka, ameshaosha vyombo vyake. Mama Zuhura akaniita nimsaidie kubeba ndoo.

"Fundi wangu, umefanya kazi," akamwambia. "Sasa tumwage maji tuone yanakwenda wapi."

"Mama, mimi nimeshamaliza."

"Ndiyo maana nataka tumwage ungali upo."

Akamwaga. Maji yaliacha tundu lake, yakaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha kulala, kama yamealikwa. Mama Zuhura hakupiga kelele. Akasema, "Umeyaona? Na mimi nimeyaona." Halafu akasimama hapohapo, mkono kiunoni.

"Maji kidogo hayo, mama. Utapangusa na tambara."

"Kila siku, miaka yangu yote? Hapana, baba. Sakafu hii hapana."

Fundi akanung'unika, akafungua mfuko wake tena. Baadaye nikamuuliza, "Mama Zuhura, huogopi atakasirika?" Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Akasirike, mwenzangu. Hasira zake zitaisha kesho. Maji je?"

Mwaka uliofuata nilichimbiwa choo. Fundi akaleta miti ya kubeba sakafu, na mitatu kati yake ilikuwa imeliwa na mchwa. Nilizunguka nyumba mara mbili kabla ya kusema. Nilitafuta hata mwanaume wa kunisemea, namshukuru Mungu sikumpata. Nikaenda nikasimama karibu, si mlangoni, karibu kabisa, nikaweka mguu juu ya mti. "Fundi, huu sikubali. Na huu. Na ule wa mwisho."

"Mama, wewe umesomea ujenzi wapi?"

"Sijasoma. Lakini atakayeingia hapa ni mimi."

Mwenzake akacheka, na safari hii hakunicheka mimi. Fundi alisema maneno kuhusu wanawake wa siku hizi, nikayaacha yapite. Akaleta miti mingine. Kesho yake asubuhi akaja, "Mama habari, leo utatupima na nini?" Nikampa uji. Mpaka leo tukikutana sokoni ananiuliza habari ya choo, nami namwambia kinakusalimu.

Basi fikiria hao wa Ntimaru. Hutakuwa na mkwe huko, lakini utapata kitu kingine cha kukufunga mdomo, nakijua. Utajiambia, mimi ni mgeni, Mjaluo peke yangu kati ya Wakuria, tena msichana, tena nyumba si yangu ni ya shule. Utajiambia huyu fundi pengine mtoto wake yuko darasani kwangu. Yote ni kweli. Lakini usiku mvua ikinyesha, chini ya hilo paa utakuwa umelala wewe, si mwalimu mkuu.

Chai wape, chakula wape, mimi sitaki mtoto wangu awe mchoyo. Ila uangalie kazi kabla ya kupakua. Mimi nilikuwa napakua kwanza, halafu nikishamwona mtu anakula kwa furaha naona vibaya kumwambia. Na ukiona kitu, kiseme siku hiyohiyo, simiti ikiwa mbichi, kwa sababu kikikauka hata wewe utaanza kukitetea. Usianze na "samahani". Usicheke. Sisi wawili tukiogopa tunacheka, na fundi akisikia kicheko anajua imeisha. Huhitaji kujua jina la kitu. Sema tu, "Hapa sijaridhika, nionyeshe," na usiondoke mpaka akuonyeshe. Pengine atakuonyesha na utakuta wewe ndiye umekosea. Hiyo pia si aibu, utamwambia sawa na mtaendelea.

Na hata kama umeshakosea, hukusema mwanzoni, bado unaweza kumwita mtu atoke kwenye ukuta. Wageni watashangaa. Acha washangae.

Sasa nimefika mahali pagumu. Nilipoanza kuandika, nilikuwa nimepanga barua hii niifiche kati ya vitabu vyako, uikute ukiwa umeshafika huko, milima imekaa kati yetu, na ukikasirika nisione. Nimeandika kurasa zote hizi nikiwa na mpango huo. Lakini nikisoma nilichokuambia hapa juu, naona huo mpango ni ule ule wa kungoja watu wamalize chai.

Kwa hivyo sitaificha. Ukirudi nitakupa mwenyewe, uisome hapa, mimi nikiwa nimekaa mbele yako. Usiniambie kwamba ni zamani, mama, si kitu. Wewe una moyo mwepesi, utataka kuniambia hivyo kabla hata hujamaliza ukurasa. Maliza kwanza. Kisha kama una neno gumu la kuniambia, anza na hilo, usinitafutie lililo laini. Nitalisikia lote mpaka mwisho, na kesho asubuhi bado nitakusindikiza mpaka stendi.

Mama yako